Kizunguzungu nacho kichangiwe

Mhariri,

Mimi ni fundi paa, au niseme nilikuwa. Asubuhi moja niligeukia kulia kitandani, chumba kikazunguka kama pia. Nikang'ang'ania godoro kwa mikono miwili nikidhani naanguka, na huku nimelala! Jirani akasema nimelewa. Nikapewa vidonge vya presha ambayo sikuwa nayo.

Daktari wa masikio alinilaza, akanigeuza kichwa polepole huku na huku, dakika chache tu, nikainuka mzima. Kumbe punje ndogo za chokaa za ndani ya sikio hubanduka na kuingia kwenye mirija inayoupa ubongo habari za mizunguko ya kichwa. Hunirudia mara mojamoja, ndiyo maana nimeshuka paani.

Mimi nina nafuu. Niliyekaa naye benchi moja kliniki ana ugonjwa wa Ménière: sikio linavuma, usikivu unapungua, kizunguzungu humwangusha bila taarifa. Daktari Mfaransa Prosper Ménière aliueleza mwaka 1861, na mpaka leo hauna tiba ya kuuondoa kabisa. Tena ndege, seli zao za sikio la ndani, zile za kusikia na kushika mizani, zikifa, huota nyingine. Zetu hazirudi ipasavyo. Kwa nini? Hapo ndipo utafiti unapohitaji fedha.

Tumeanza kuchangishana wagonjwa wachache. Fulana na kofia sitaki. Fedha ziende maabara, hesabu zitolewe hadharani. Atakayeandaa matembezi ya hisani nitakuja, ila yaishe kabla ya giza. Gizani bado natembea nikishika ukuta.

Fundi Paa Mstaafu