Mwanaidi, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke kwanza

Nürnberg, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, mama hajambo, na mguu wa Sefu umeshapona. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Lawama zako za ukimya nimezisoma zote na nimezipokea. Zamu za usiku huku kwa wazee zinabana, mtu akirudi nyumbani ni kulala tu. Mengine nitakusimulia siku nyingine, maana tangu uniambie kwamba unaandika barua ya kuacha kazi sijatulia.

Unasema hukuhangaika na uhandisi miaka yote ile ili uje kuzibua mitaro na kuziba nyufa za makalavati waliyojenga wengine. Wenzako wa darasani wanajenga madaraja, wewe unakarabati. Ujumbe wako umenikuta kwenye treni naelekea Regensburg, mji mwingine wa huku Ujerumani, kwenda kuliona lile daraja la mawe la Mto Danube. Basi nimelitembea lote huku nabishana na wewe kichwani.

Walianza kulijenga mwaka 1135, wakamaliza 1146. Kiangazi cha mwaka ule wa kwanza kilikuwa kikavu kupita kiasi, mto ukapungua, nao wakaona ndiyo fursa ya kuweka misingi. Matao 16 ya mawe, zaidi ya mita 300 kutoka ng'ambo hii hadi ile, bila saruji ya viwandani, bila kreni ya injini. Mwaka 1189 Kaisari Frederick Barbarossa aliondokea mji huu na jeshi lake kwenda kwenye Vita vya Msalaba. Na kwa karne nyingi mji mzima haukuwa na daraja jingine la mawe la kuvukia mto ule. Prague, kule Czech, nao walijenga lao muda mfupi baadaye, mafuriko ya 1342 yakalibomoa. Hili lipo, na bado watu wanavuka na mikoba yao ya sokoni.

Sasa hapa ndipo ninapokuhitaji. Nguzo zake hazikuachwa uchi majini. Kila moja imezungushiwa kisiwa cha kutengenezwa, kimechongoka kama mtumbwi, na zamani kilikuwa cha magogo na mawe, ili mkondo usichimbe msingi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, tukiwa tumekaa pale kwa Bi Zuhura, kwamba daraja la mtoni mara nyingi huuawa na maji yanayochimba chini kuliko mzigo unaopita juu. Nilisimama upande yanakotoka maji nikainama ukingoni. Maji yanafika mbele ya visiwa yanajaa, yanainuka kabisa unayaona, halafu yanajipenyeza kwa nguvu kwenye uwazi wa tao, na yakitokea upande wa pili yanazunguka na kutoa povu hadi mbali. Zamani wenye vyombo waliziogopa zile zunguzungu. Meli kubwa za mizigo leo hazipiti pale, zimechimbiwa mfereji wake pembeni.

Haya niambie, magogo ndani ya mkondo wa namna hiyo, na barafu ya kila majira ya baridi, yanakaa muda gani? Ina maana kuna watu walikuwa wanavirudia visiwa vile, kizazi baada ya kizazi. Daraja lilikuwa na msimamizi wake, mali zake, hata muhuri wake, kwa ajili ya kazi hiyohiyo unayoiita ya kuziba nyufa! Jina la fundi aliyelijenga halijulikani, Mwanaidi. Hawa wa kulitunza ndiyo kabisa. Lakini bila wao ningeenda kutazama nini?

Kuna hekaya yao, msomee Sefu acheke. Fundi wa daraja aliwekeana dau na fundi wa kanisa kuu, nani atamaliza kwanza, akaomba msaada kwa shetani. Shetani akataka roho tatu za mwanzo zitakazovuka. Daraja likaisha, fundi akatanguliza jogoo, kuku na mbwa. Shetani akapandwa na hasira akalisukuma kutoka chini, ndiyo maana limebinuka katikati. (Kanisa lenyewe lilianza kujengwa zaidi ya miaka 100 baada ya daraja kukamilika, lakini mwambie Sefu asiharibu hadithi.) Na juu ya kibanda kidogo cha mawe pale darajani ameketi kijana wa sanamu, karibu uchi, amekinga mkono juu ya macho anatazama upande wa kanisa.

Kitu kilichoniuma ni Aprili 1945. Vita ya Pili ya Dunia huku Ulaya ilikuwa imebakiza wiki mbili tu. Tarehe 23 wanawake wa mji walikusanyika kudai mji usalimishwe bila damu, na mhubiri wa kanisa kuu, Johann Maier, akasimama kusema nao. Wanazi wakamkamata, wakamnyonga usiku ule. Na siku hiyohiyo askari wa Kijerumani wenyewe wakalilipua daraja, ili Wamarekani wasivuke. Siku nne baadaye mji ukasalimu amri. Matengenezo kamili ya pale palipolipuliwa yalikamilika 1967. Yaani kuharibu jioni moja, kurudisha miaka ishirini na kitu. Nilisimama pale muda mrefu, nawafikiria wanawake wale.

Tena hayakuishia hapo. Maji na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu vikaingia kwenye mawe. Magari madogo wakayazuia 1997, mabasi 2008, kisha wakalikarabati lote kuanzia 2010 hadi 2018. Piga hesabu. Kujenga miaka 11, kukarabati mara hii tu miaka 8. Wale nao ni wahandisi wenye vyeti kama chako, na naamini hakuna aliyewaambia hawajajenga kitu.

Simaanishi uvumilie kila kitu. Kama mnanyimwa vifaa, kama wanakupita kwenye zabuni kwa sababu wewe ni mwanamke, hilo ni jambo jingine, na mimi niko upande wako mchana kweupe. Ila kama ni kwa sababu kukarabati ni kazi ya chini, hapo nakataa.

Pale chini ya daraja kuna kijumba cha soseji za nguruwe, moshi wake unakufuata hadi juu. Mimi nilikula mkate wangu kando, nikisoma alama za mafuriko walizoweka ukutani. Picha zake nakutumia kesho, zitazame vizuri, nyingine zimenizidi kichwa.

Sasa nijibu. Barua umeshaipeleka au bado iko mkobani? Mama anasemaje? Umewahi kumwambia mkubwa wako wazi kwamba unataka kusanifu pia? Lile kalavati la barabara ya shuleni, lililokuwa linazidiwa kila masika, limepita salama mvua za mwaka huu? Nani alilishughulikia, si wewe? Na wale wa 1135 walitoaje maji ili waifikie ardhi ya chini? Je, Rukia kajifungua?

Nipigie kabla ya Ijumaa, nitakuwa sina zamu.

Wako akupendaye,
Asha