Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tamasha la Agosti na Kitalu cha Bustani

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na uchaguzi ni ajenda ya mwisho. Taarifa hii ni ya tamasha la Agosti katika bustani ya mimea ya chuo, na sehemu kubwa nitazungumzia miche, maana ndiyo iliyotuharibia jina.

Malalamiko mmeyasikia. Mche ulionunuliwa Jumamosi ukiwa wima, Jumatatu umelala. Haukuwa ugonjwa, wala si joto la ndani ya matatu. Viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kukuzia miche, vilikaa kitaluni miezi bila kuinuliwa, mizizi ikatoboa chini na kushika ardhi. Asubuhi ya tamasha vikang'olewa kwa haraka, mzizi mkuu ukabaki udongoni, na mnunuzi akapewa majani tele yasiyo na mdomo wa kunywea. Siala (Markhamia lutea), ambayo Waluhya huiita lusiola, iliumia kuliko yote: majani yake ni mapana na hukua mbio.

Kuanzia sasa kila kiriba kitainuliwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na mizizi iliyochungulia ikatwe kwa kisu kikali. Kuing'oa kwa mkono ni kurudia kosa lile lile. Kitalu kimwagiliwe maji jioni ya kuamkia kazi, na tena kazi inapokwisha. Ukataji wa mwisho uwe umefanyika angalau wiki mbili kabla ya kuuza. Neti ya kivuli ianze kufunguliwa mwezi mmoja kabla, kwanza asubuhi tu, kisha kutwa, na maji yapunguzwe polepole ili shina likomae.

Udongo wenyewe haukuwa na kosa: madebe matatu ya udongo wa juu, moja la samadi iliyooza, moja la mchanga. Tulichokiona tulipopasua viriba vichache ni mizizi iliyojikunja kama ndoana. Hilo hutokea wakati wa kuhamisha miche kutoka kwenye tuta la mbegu, kijiti kikitoboa shimo fupi kuliko mzizi. Ingiza mzizi chini kupita kiasi kidogo, uvute juu unyooke, ndipo ubane udongo kutoka pembeni. Mti uliopandwa na ndoana huweza kuonekana mzima miaka kadhaa, halafu upepo ukaulaza.

Mwiritsa, yaani Prunus africana, ulitakiwa sana nasi tulikuwa na michache mno. Mti huu umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya biashara ya magome yake, ambayo hutengenezewa dawa ya tezi dume, kwa hiyo watu wanaujua. Tatizo letu lilikuwa bahasha tulizohifadhia mbegu. Mbegu zake hazivumilii kukaushwa na kuwekwa kabatini kama za mahindi. Tunda likishaiva na kugeuka rangi, lioshwe nyama yake siku hiyo hiyo, mbegu zipunge upepo kivulini kidogo, kisha ziende kwenye tuta. Mbegu za Warburgia, mti mwingine wa dawa, nazo ni hivyo hivyo. Mvule tuliacha kwa makusudi: wadudu wadogo waitwao Phytolyma huvimbisha majani machanga hadi ncha ikafa, na kuuza mche wa namna hiyo ni kumwibia mtu.

Walioulizia mikalatusi wataendelea kuambiwa hapana. Inapatikana kila kona ya barabara, haina haja ya bustani ya chuo.

Sasa pendekezo. Agosti hatuna sababu ya kuihama, kwa kuwa shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. (Wageni kutoka Ulaya huliita tamasha la kiangazi, hapa Maseno, magharibi mwa Kenya, ikweta iko mlangoni, tunahesabu mvua.) Lakini mche unaochukuliwa Agosti mara nyingi hukaa nyuma ya jikoni wiki nzima nzima ukisubiri mvua za vuli, na mbuzi hawasubiri. Naomba mkutano ukubali tuuze stakabadhi siku ya tamasha, mnunuzi achague mche wake na ufungwe kibandiko cha namba, halafu aje kuuchukua mvua zikishashika. Apewe pia maelezo ya mdomo: shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu utengwe na uchanganywe na samadi, kiriba kichanwe na kutolewa. Wako wanaopanda na kiriba chake.

Matembezi ya kutambua miti yalikwenda vizuri isipokuwa kwenye misineduri, ambako vibao viwili vilikuwa vimebadilishana. Croton megalocarpus ina majani yenye weupe wa fedha upande wa chini na matunda makubwa; macrostachyus ina matunda madogo kama njegere yaliyoning'inia kwenye kishada kirefu, na majani yake hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kuanguka. Vibao vyote virudiwe, na misumari iachwe nje sentimita mbili au tatu. Iliyogongwa hadi mwisho, gome limeanza kuimeza.

Mvua ilitukuta jukwaani saa tisa. Hilo halikuwa bahati mbaya: mchana upepo wa ziwani hupandisha unyevu kwenye vilima hivi, na alasiri hushuka kwa radi. Mwakani shughuli za nje zianze saa mbili asubuhi na ziishe saa nane. Watu wakikanyaga udongo mbichi chini ya miti wanaubana hadi mizizi ikakosa hewa, kwa hiyo kamba zipigwe kuzunguka kila mti mkubwa, usawa wa ncha za matawi. Na hema lisirudi tena chini ya yago, yaani mvungunya. Tunda moja lina kilo kadhaa na halipigi hodi.

Upande wa chakula, mboga za mrenda na saga ziliisha mapema. Ongezeni.

Zamu ya kuinua viriba inaanza Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, kitaluni. Kila mmoja aje na kisu chake, kiwe kimenolewa.

Mwenyekiti