Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KWS: Baiskeli Hell's Gate ipewe safari yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya.

KUH: MZUNGUKO WA BAISKELI KATIKA HIFADHI YA TAIFA YA HELL'S GATE

Mheshimiwa,

Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambako mwananchi anaruhusiwa kuingia na baiskeli, akapita kando ya pundamilia na kongoni bila gari wala askari wa kumsindikiza. Ruhusa hiyo ni tunu, nasi tunaishukuru. Ila tumeizoea vibaya. Mgeni hukodi baiskeli karibu na Lango la Elsa, akanyoosha kilomita 8 hivi hadi kituo cha askari kilicho karibu na korongo la Ol Njorowa, akaiegesha, akashuka korongoni kwa miguu, kisha akarudi alikotoka kwa njia ile ile. Baiskeli imekuwa matatu tu ya kumfikisha korongoni.

Ninachoomba ni mzunguko mmoja uliotambuliwa rasmi na kuwekewa vibao: Lango la Elsa, Mnara wa Fischer (ile nguzo ya mwamba), kituo cha askari, kupanda Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, kutokea Lango la Olkaria, kisha kurudi Elsa kwa barabara ya Moi South Lake. Isikatwe barabara hata moja mpya. Tumbusi wanataga kwenye yale majabali, na hatuna haja ya kuwasogelea zaidi ya tulivyokwisha kuwasogelea.

Kuhusu upande wa kuanzia nina msimamo mkali kidogo. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko Naivasha tunayoijua leo, maji yake yalitokea upande wa kusini, nayo ndiyo yaliyochonga bonde hili na korongo lake. Barabara ya Elsa inafuata mkondo ule ule, kwa hiyo inateremka polepole kuelekea korongoni. Asubuhi unateleza tu, unamwangalia twiga, unajiona bingwa. Shida huja wakati wa kurudi: jua la utosini, mpando usioonekana kwa macho ila magoti yanaujua, na lile vumbi jepesi la majivu ya volkano linalomeza tairi la mbele. Nimeona watu wazima wakisukuma baiskeli mahali ambapo ukiulizwa utasema ni tambarare. Ukifuata mzunguko kama mikono ya saa inavyokwenda, vumbi unalimaliza ukiwa na nguvu na mteremko ukikusaidia. Mpando wa kweli unaukuta Olkaria, ambako changarawe inakutana na lami, na ukishaumaliza unateremka kuelekea ziwani.

Lami hiyo ina historia yake. Mitambo ya mvuke ya Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na hifadhi ikatangazwa 1984. Mvuke uliitangulia hifadhi, na barabara nzuri zikaufuata mvuke. Wako wanaonung'unika kwamba mabomba yanaharibu mandhari, na kweli, si mapambo. Lakini pale yalipopindishwa juu ili twiga wapite chini yake, mimi husimama kila mara nikatazama. Watalii wengi hawafiki huko kwa sababu hakuna kibao kinachowaambia kwamba inawezekana.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa malori. Ni haki. Malori yanayohudumia visima vya mvuke ni makubwa, na mteremko wa lami unamtia mtu kiburi. Ofisi yako inaweza kuketi na wazalishaji wa umeme na kukubaliana kuhusu saa chache, tuseme Jumamosi na Jumapili asubuhi, ambazo malori yatapunguzwa na mwendo wake kudhibitiwa. Baiskeli nazo zikaguliwe breki langoni kabla hazijaingia, za kukodi na zetu wenyewe. Anayekwenda na kurudi Elsa anaweza kuponea kwa breki ya upande mmoja. Anayeshuka Olkaria hawezi. Barabara ya Moi South Lake haiko chini yako, lakini barua yako kwa wanaohusika, ya kuomba ukingo wa kupitia baiskeli kwenye kipande hicho kifupi, itasomwa haraka kuliko yangu.

Nyati wabaki kuwa shauri la vibao na busara. Palipo na vichaka vizito vya leleshwa, kibao kiseme wazi: piga kengele, usisimame, usiache njia. Na yale mawe meusi ya kioo cha volkano, yanayong'aa vizuri kwenye picha, yanapasua tairi kama wembe. Pampu, gundi na viraka kwenye kituo cha askari, pamoja na kijana mmoja fundi kutoka vikundi vya kukodisha baiskeli, vingetosha.

Nimeacha mvua hadi sasa kwa kuwa ndiyo hoja yangu kubwa. Mafuriko ya ghafla yaliua watu korongoni Aprili 2012, yakaua tena Septemba 2019. Mvua ikinyesha milimani, hata kama juu ya kichwa chako ni kweupe, korongo lapaswa kufungwa, na mtu asibembelezwe. Lakini leo ukilifunga, umemfungia mgeni safari yake yote, kwa hiyo kila askari anakabiliwa na kundi lililotoka Nairobi alfajiri, limeshalipa, linasihi liingie hata dakika kumi. Mzunguko ninaouomba haushuki korongoni. Siku ambayo korongo limefungwa, askari atanyoosha mkono kuonyesha njia ya Olkaria, na mgeni ataondoka na siku iliyokamilika.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka hifadhi ziwe na mipango ya usimamizi inayotungwa kwa kushirikisha wananchi. Naomba mzunguko huu uingizwe katika mpango wa Hell's Gate, na vikundi vya vijana wanaokodisha baiskeli waitwe kwenye kikao hicho kabla yetu sisi wa mjini, maana wao ndio wanaozijua kona zote. Kabla ya hapo, vibao sita au saba vya mbao kwenye njia panda, vyenye umbali, aina ya barabara na ukali wa mlima, vinaweza kusimikwa wikendi moja. Mbao, rangi na mikono ya kuchimba mashimo tutakuja navyo. Tunasubiri kibali chako tu.

Wako mwaminifu,
Mpanda baiskeli, Nakuru.