Kitabu cha kuku ndani ya mashine ya kware

Kihonda, Morogoro
2 Mei 2024

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE YA KUTOTOLEA VIFARANGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi niliwalipa Sh 320,000 kwa simu, mkanitumia mashine kwa basi. Tangazo lenu, ambalo bado ninalo, linasema inatotoa "kuku, bata, kanga na kware". Kabla ya kulipa niliuliza kwa Wasap: nataka kutotoa kware, sijawahi, je, itanifaa? Nikajibiwa, "Inafaa sana mama, wewe fuata kitabu tu."

Nimekifuata, na ndiyo maana nawaandikia.

Tarehe 6 Aprili jioni niliweka mayai 60, niliyonunua Mazimbu kwa Sh 500 kila moja. Matundu ya trei zenu ni ya yai la kuku. Yai la kware lina gramu kumi na kitu tu, humo linacheza kama gololi kwenye kikombe, na kila trei ilipojiinamisha nilisikia mayai yakigongana. Nikakata maboksi kwa mkasi, nikayasetiri. Hilo nililivumilia. Joto pia sina ugomvi nalo: kipimajoto changu kilisoma 37.6 pale kioo chenu kiliposoma 37.5. Siku ya saba nilimulika kwa tochi, nikatoa mayai 9 yasiyo na mbegu. Ganda la kware limejaa madoa, huenda nilikosea moja mawili, hayo siwadai.

Ugomvi wangu ni ukurasa wa nne wa kitabu chenu. Umeandikwa kwamba vifaranga hutoka siku ya 21, na kwamba siku ya 18 ndipo mtu azime kigeuzi, kile kinachoinamisha trei ili mayai yageuke, na kuongeza maji. Hizo ni siku za kuku. Kware hutoka siku ya 17 au ya 18. Mayai yake huachwa kugeuzwa kuanzia siku ya 14 au 15, yanalazwa chini, na unyevu unapandishwa ufike kama asilimia 70, la sivyo utando wa ndani hukauka na kifaranga akanasa. Haya niliambiwa na aliyeniuzia mayai, tena akishangaa kwamba sikuyajua. Kumbe ningemuuliza yeye mapema, lakini nani anamuuliza muuza mayai wakati mwenye mashine ameshamwambia afuate kitabu?

Usiku wa tarehe 23, saa nane hivi, nikasikia sauti nyembamba mno, nikadhani ni panya. Nikawasha taa. Vifaranga vinne vilikuwa vimeshatoka, vibichi, kila kimoja hakizidi kidole gumba changu, na trei ilikuwa inaanza kuinama. Kimoja mguu ulikuwa umeingia kati ya trei na fremu. Nilichomoa waya ukutani kwa sababu sikujua kigeuzi kinazimwaje peke yake. Mguu ukatoka, lakini ulikuwa umeshavunjika.

Asubuhi niliwapigia. Kijana wenu akaniambia, "Hao wamewahi mama, yaliyobaki usiyaguse, bado siku nne." Nikamsikiliza. Hata maji sikuongeza.

Walitoka 16 kwa jumla. Wanne walikufa kwa kubanwa na trei, leo ninao 12. Tarehe 27 nilivunja yale 35 yaliyosalia. 12 yalikuwa viza. Mengine 23 yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya, wengi wameshatoboa tundu dogo la mdomo, na utando umewagandia kama karatasi iliyolowa ikakauka. Niliyahesabu mara mbili, nikayafukia nyuma ya nyumba kabla wajukuu hawajarudi shule.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie Sh 30,000 za mayai na mniletee trei zenye matundu ya kware kwa gharama zenu. Kama hamna trei hizo, chukueni mashine yenu mnirudishie fedha yangu yote, na neno kware mlifute kwenye tangazo. Tena wapigieni wote mliowauzia kwa ajili ya kware. Yupo ambaye leo yuko siku ya 13, anasubiri ya 18.

Nimeambatisha picha ya ukurasa wa nne, ya trei, ya mayai niliyovunja, pamoja na mazungumzo yetu ya Wasap. Nasubiri majibu hadi tarehe 16 Mei. Ikipita hapo, vyote hivyo nitavipeleka Tume ya Ushindani.

Mashine nimeirudisha kwenye boksi lake. Kitabu nimebaki nacho.

Wenu,
Mteja wa Kihonda