Picha za gerezani: mbona askari hana sura?

Ndugu mhariri,

Zile picha za gerezani za toleo lililopita nimeziangalia mara tatu, sikatai ni kali, mwanga umekaa vizuri, ila kuna kitu kinanikera. Mahabusu wote wana sura, macho, makovu, hata yule kijana aliyevuta fulana kujifunika uso mmempa ukurasa mzima, vidole vimeng'ang'ania kola mpaka vimepauka. Askari je? Buti, rungu, kiuno chenye funguo. Hakimu ndo hayupo kabisa. England na Wales sheria ya 1925 inakataza kupiga picha mahakamani, hakimu na mshitakiwa wote sawa, ninyi mmemficha mmoja tu.

Mnasema waliopigwa picha wote waliridhia. Jamani, mtu yuko ndani, mpiga picha kaletwa na mkuu wa gereza, askari kasimama mlangoni anasikiliza, sasa huyo mtu aseme hapana amwambie nani?

Na haya hayajaanza leo. Paris miaka ya 1880 Alphonse Bertillon, karani wa polisi, ndo aliyeweka utaratibu wa mtuhumiwa kupigwa picha ya mbele na ya ubavuni pamoja na vipimo vya mwili, na mpaka leo polisi wanapiga hivyohivyo. Picha ile kazi yake ni kumshika mtu hata akishatoka. Mpiga picha wenu najua yuko upande wa wafungwa, roho yake nzuri, lakini kapita geti la askari, kasimama anaposimama askari, na lenzi imeangalia huko huko anakoangalia askari.

Mtaniambia kamera zikifungiwa nje ukatili utafichwa, kweli, wala siombi hivyo. Taryn Simon wa Marekani aliwapiga picha watu waliofungwa bure, wengine kisa shahidi alioneshwa picha akanyooshea kidole mtu siye, baadhi akawapeleka mpaka eneo la tukio, sehemu ambayo wengine hawakuwahi kukanyaga kabla. Ila wale walikuwa wameshatoka, wana uwezo wa kusema sitaki na wakaenda zao nyumbani.

Yule wa fulana, maelezo yenu yenyewe yanasema kesi bado. Akiachiwa, ile picha mtaifanyaje? Nijibuni hilo tu.

Msomaji wenu