Karatasi za wakili na jaji zisiishie kwa muuza karanga

Mhariri,

Arobaini ikishapita, aghalabu familia ya wakili au jaji hufungua chumba chake cha kazi, huchukua hati za viwanja, na zilizobaki huchomwa au hupewa muuza karanga. Kabla hamjafika huko, zitengeni kwanza kwa kufuata mwenye mali.

Jalada la kesi lililokutwa nyumbani lirudi masjala ya mahakama. Mwenendo wa kesi ulioandikwa humo kwa mkono wa jaji ni sehemu ya jalada, si urithi. Wosia, hatimiliki na mikataba ya wateja ni vya wateja. Waulizeni TLS, chama cha mawakili wa Tanzania Bara, namna ya kuvikabidhi, na kila kitu kitoke kwa saini. Familia inabaki na barua, shajara, picha, hotuba na daftari binafsi.

Humo msidharau nakala za kaboni kwenye karatasi nyembamba. Barua yenyewe ilikwenda kwa aliyeandikiwa. Marehemu alibaki na kaboni tu. Mkiitupa, mtasoma majibu ya watu bila kujua yeye alisema nini. Faksi nazo hufifia upesi, zitolewe fotokopi mapema.

Msizipange upya kwa tarehe: mpangilio wake unaonyesha kipi kiliambatana na kipi. Ondoeni pini zenye kutu na mipira ya kufungia, namba ziandikwe kwa penseli. Selotepu hapana kabisa, gundi yake hupenya ikaacha doa la kahawia. Pwani adui ni ukungu na mchwa, kwa hiyo masanduku yakae rafuni, walau sentimita 15 kutoka sakafuni, yasiguse ukuta. Karatasi yenye ukungu ikaushwe kivulini penye upepo, kisha ipanguswe kwa brashi laini, anayepangusa akiwa na barakoa. Juani wino hupauka.

Mkizipeleka Nyaraka za Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mkataba useme kama ni zawadi au amana, nani anaruhusu kunakili, na fungu lipi lifungwe hadi lini. Jaji Thurgood Marshall wa Marekani, aliyeisaidia Kenya kuhusu haki za raia kwenye mazungumzo ya katiba huko London mwaka 1960, aliipa Maktaba ya Bunge la nchi yake karatasi zake, akaiachia uamuzi wa kuzifungua baada ya kifo chake. Alifariki Januari 1993. Mwaka huohuo karatasi zikafunguliwa, na majaji wenzake wakalalamika kuona rasimu zao za juzijuzi hadharani. Kwa hiyo msiandike "baada ya muda wa kutosha". Andikeni mwaka.

Watunza nyaraka,
Dar es Salaam