Foleni ya Umeme: Risala kwa Mgeni Rasmi, Utrecht

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa chama chetu na wote mlioketi meza kuu,
Wazee wetu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana saba ambao leo ni siku yenu,
Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko na kubadilisha treni mara tatu ili ufike hapa. Tunajua umestaafu. Mhandisi mstaafu anayetoka nyumbani Jumamosi kwenda kusikiliza tena habari za nyaya, huyo ametupenda kweli.

Tunaanza kwa kuomba radhi. Pilau utakayokula imepikwa katika nyumba nne tofauti, ndiyo maana kila sufuria ina rangi yake. Jiko la ukumbi huu haliwezi. Tukiwasha majiko mawili na karai la umeme la sambusa, swichi kuu inaanguka. Wenye ukumbi waliomba kuongezewa umeme mwaka juzi, wakajibiwa kwa adabu kwamba ombi limepokelewa na limewekwa kwenye foleni. Mpaka leo wamo foleni. Tuliotoka Tanga, Kisumu, Bujumbura na Bukavu tulidhani mgao wa umeme tumeuacha uwanja wa ndege. Kumbe na Ulaya wana mgao wao, ila wa huku hauzimi taa. Wa huku unakunyima laini ya kuunganishwa.

Kwa hiyo, Mgeni Rasmi, risala hii haitahesabu viti tulivyonunua (ni arobaini, na kimojawapo umekikalia). Tunataka kukueleza kazi wanayoingia vijana hawa waliohitimu ufundi umeme: inagharimu nini, inaleta nini, na bili anatumiwa nani.

Wewe unafahamu kuliko sisi kwamba gridi ya Uholanzi ilijengwa kwa umeme unaoteremka. Unatoka kwenye mtambo mkubwa, unafika kituo cha kupozea, unaingia transfoma ya mtaa, unaishia kwa mteja. Leo zaidi ya nyumba milioni 2 zina paneli za sola, na mchana wa jua umeme unapanda kurudi ulikotoka. Mmoja wa vijana hawa, akiwa bado mafunzoni, alipelekwa kwa mama mmoja anayeishi mwisho wa laini. Ilikuwa Mei, jua limetulia juu ya mapaa. Malalamiko ya yule mama yalikuwa kwamba paneli zake zinajizima kila siku saa saba mchana, saa ambayo ndiyo alizinunulia. Kijana akachomeka testa kwenye soketi ya jikoni. Volti 250. Wakanywa kahawa. 252. Ilipogusa 253, kile kisanduku cha paneli ukutani kikalia “tak” na kunyamaza. Ndiyo kanuni: volti 230 na nyongeza ya asilimia 10, zaidi ya hapo kifaa kinajitoa chenyewe. Mtaa mzima ulikuwa unasukumia umeme kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja. Mama akauliza kama jua limezidi. Kijana akamwambia jua ni lile lile, waya ndio mwembamba.

Kuunenepesha waya huo kuna bei. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya serikali hapa na kutolewa Machi 2025 ilitaja yuro bilioni 195 mpaka mwaka 2040. Ukizigawa kwa watu milioni 18, kila mmoja anabeba yuro elfu 10 na ushee, pamoja na yule mtoto anayenyonya pale nyuma. Kwa Umoja wa Ulaya wote, Tume ya Ulaya ilikadiria mwaka 2023 kwamba zinahitajika yuro bilioni 584 kufikia 2030, na kwamba asilimia 40 ya njia za kusambaza umeme zina umri wa zaidi ya miaka 40.

Uzee huo tunaushika kwa mikono. Wanaokisia kazi wanasema mtaa mmoja katika kila mitatu ya nchi hii itabidi ufukuliwe. Ukishang’oa matofali ya barabara moja moja na kuyapanga pembeni, ukachimba ule mchanga laini, unakutana na kebo yenye ganda la madini ya risasi, nzito kama nyoka aliyeshiba. Ndani yake nyaya zimeviringishwa karatasi iliyolowa mafuta. Karatasi! Na bado inapitisha umeme. Waliofukia walifanya kazi safi. Walikuwa wanafikiria taa, redio na friji. Hawakufikiria gari la umeme wala pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto.

Sasa, Mgeni Rasmi, wapo wanaosema fedha hizo ni nyingi mno, bora kungoja. Tunaomba tupishane nao. Kungoja nako kunalipiwa, ila hakuna anayekuandikia stakabadhi. Hapa Uholanzi zaidi ya wateja wakubwa elfu 10 wameomba laini na wanasubiri: viwanda, maghala, shule. Mikoa ya Noord-Brabant na Limburg ilitangaziwa tangu Juni 2022 kwamba nafasi ya wateja wakubwa wapya imekwisha. Kiwanda ambacho hakikujengwa hakionekani kwenye bili ya mtu.

Ujerumani ndiyo shule kubwa zaidi. Upepo uko kaskazini, viwanda vingi viko kusini, na njia za katikati hazitoshi. Upepo ukivuma sana, mitambo ya kaskazini inaambiwa ipunguze na inalipwa fidia kwa kupunguza, huku mitambo mingine kusini ikilipwa kuwasha. Mwaka 2023 gharama za kupangua foleni hiyo zilizidi yuro bilioni 3, na mwaka huo ulipokwisha hakuna waya uliobaki wa kuonyesha. Dawa yao ni SuedLink, njia ya kilomita 700 hivi ya kuteremsha umeme wa kaskazini. Ilikusudiwa kuwa tayari 2022. Wananchi wakagoma kupitishiwa minara, ikaamuliwa kebo zifukiwe ardhini, gharama ikakadiriwa yuro bilioni 10, na sasa inasubiriwa mwisho wa 2028. Hatuwacheki wanavijiji. Nani anataka mnara shambani kwake? Lakini kila mwaka wa mabishano ulikuwa na bei yake.

Halafu kuna siku moja ambayo inaweza kula akiba ya miaka. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na nusu mchana, Hispania bara na Ureno zilizimika. Volti zilipanda kupita kiasi, mitambo ikajitoa mmoja baada ya mwingine, megawati elfu 15 zikapotea ndani ya sekunde chache. Dada wa mwenzetu mmoja alirudi nyumbani kwa miguu Madrid nzima, treni za chini zimesimama, amebeba viatu mkononi. Maradhi hayo na yale ya soketi ya jikoni si mamoja kabisa, lakini ni ndugu: volti inapanda na hakuna wa kuiteremsha kwa wakati. Na kilichosaidia kuamsha gridi ni njia za kutoka Ufaransa na Morocco. Nchi za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania, zilielewa hilo mapema. Zilitumia kama yuro bilioni 1.6 kujitoa kwenye gridi ya Urusi na kujiunga na ya Ulaya bara, Februari 2025. Kwa uhuru wa namna hiyo, sisi tunaona walilipa bei ya kirafiki.

Si kila dawa ni kuchimba, lakini. Italia ilianza 2001 kubadilisha mita zipatazo milioni 30 kwa mita zinazojisomea, wakati Ujerumani bado unakuta mita ya kisahani kinachozunguka. (Sisi wa LUKU, mita za Tanzania za kulipia kabla ya kutumia, tunanyamaza kwa heshima.) Hapa nyumbani Utrecht tunaombwa tusiwashe mashine za kufulia wala kuchaji magari saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku. Tunajitahidi. Chapati za futari, hata hivyo, hazina saa nyingine.

Tufike kwenye lenye uchungu. Uholanzi, mteja mdogo halipii waya kwa uniti alizotumia. Analipia ukubwa wa laini, na mpaka ampea 25 za fezi tatu bei ni moja. Bibi wa ghorofa ya nne mwenye friji na taa tatu analipa sawa na jirani mwenye pampu ya joto, magari mawili ya umeme na paneli ishirini. Wengi wetu humu ni wapangaji wa ghorofa hizo. Hatupingi gridi mpya, tunaijenga sisi. Tunapinga kuchangia sawa meza ambayo wengine wanakula sahani tatu.

Tuna maombi mawili basi, Mgeni Rasmi. Sauti yako bado inasikika kwa wahandisi na kwa wanaopanga bei. Wakutanapo, wapelekee hili la bibi wa ghorofa ya nne. La pili ni vyeti. Nchi inalia haina mafundi, nasi tunao watu waliopanda nguzo miaka kumi na tano kwao, leo wanapanga maboksi ghalani kwa sababu vyeti vyao havisomeki mezani kwa mtu. Hawaombi kupita bila mtihani. Wanaomba wapewe huo mtihani, kwa lugha wanayoweza kuijibu. Hili la jiko la ukumbi tumeliacha, tusije tukaonekana tumekuita kwa ajili ya sambusa.

Mwisho tuna zawadi. Ni kipande cha ile kebo ya risasi, tulichoruhusiwa kukibeba baada ya kazi, tumekikata wima ili karatasi ionekane. Tumekifunga ndani ya kioo kwa sababu risasi ni sumu na wewe bado hujala. Kitakabidhiwa kwako na mhitimu aliyekichimba.

Naomba kuwasilisha.